Kompyuta Nayo Inahitaji Palizi

Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wa miradi, Maswa



Nimeombwa nieleze kwa nini katika makadirio ya mwaka huu kuna fungu jipya linaloitwa "Matunzo ya programu za kompyuta". Nimearifiwa kwamba baadhi ya wajumbe wameliwekea alama ya kuuliza. Wana haki kabisa. Fedha hizi ni jasho la washarika waliouza pamba na dengu, pamoja na sadaka za marafiki ambao wengi wao si matajiri. Kwa hiyo nitaeleza polepole, na sitaficha makosa yetu. Kosa la kwanza ni langu mwenyewe.

Masomo yaliyogoma

Katika usharika mmoja wa wilaya yetu kuna chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe ni zilizotumika, tulipewa na marafiki. Chumba hakina intaneti. Kila Jumamosi watoto huja kujifunza hesabu, kusoma ramani na elimu ya afya, kwa masomo yenye picha zinazotembea na sauti. Wengi wenu mmewahi kuwaona wakigombania viti.

Masomo yale yalitengenezwa kwa teknolojia iitwayo Flash. Ili yacheze, kivinjari cha kompyuta kilihitaji programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea uwezo. Jalizi hiyo iliitwa Flash Player, mali ya kampuni ya Adobe ya Marekani. Ilitolewa bure, lakini haikuwa huria: ni Adobe peke yake iliyoweza kuifungua ndani na kuirekebisha.

Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza Flash Player mwisho wa mwaka 2020. Sababu zilijulikana. Matundu ya usalama yalikuwa yakigunduliwa ndani yake mwaka hadi mwaka, na vivinjari vilikuwa vimekwisha kupata njia nyingine ya kuonyesha picha na sauti bila jalizi hiyo. Tangazo lile lilikuja zaidi ya miaka mitatu kabla. Mimi nililisoma, nikalipita. Nilidhani ni habari za watu wa mijini.

Matoleo ya mwisho ya Flash Player yaliwekewa tarehe ndani yake: kuanzia 12 Januari 2021 yakatae kucheza. Kwa kuwa tarehe hiyo ilikuwa ndani ya programu yenyewe, hata kompyuta isiyo na intaneti haikupona. Jumamosi iliyofuata mwalimu wetu wa kujitolea alinipigia simu akasema, "Mratibu, masomo yamegoma. Watoto wamejaa, kompyuta ziko weupe."

Tuliitisha kikao. Nikaeleza kwamba Flash imekufa. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, "Sasa Mratibu, flashi ikifa si tunanunua nyingine pale stendi?" Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake. Sisi sote huku flashi ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Mtaalamu anayetumia neno bila kulieleza ndiye mwenye kosa.

Mzee yule hakuishia hapo. Kompyuta mbili kati ya zile zilikuwa bado zinacheza masomo, kwa sababu hazikuwa zimesasishwa kwa muda mrefu na zilikuwa na toleo la zamani lisilo na ile tarehe. Akasema, "Zilizosasishwa zimekufa. Zisizosasishwa zinaishi. Mratibu, hapo tujifunze nini?"

Sikuwa na jibu. Wala mtu mwingine hakuwa nalo. Tukaazimia kuzima masasisho yote katika kompyuta zote, na kuwahamishia watoto kwenye zile mbili. Vilevile tuliona tutaokoa fedha za bando na nauli za mtaalamu. Muhtasari wa kikao kile una sahihi yangu.

Azimio tulilolijutia

Miezi iliyofuata watoto walikaa wanne wanne kwenye kila kompyuta, wengine wakachoka wakaacha kuja. Lakini hasara kubwa ilikuwa bado njiani.

Siku moja mtu alileta flashi yake ili achapishiwe kadi za harusi. Flashi ile ilikuwa na virusi. Kompyuta yetu haikuwa na masasisho yoyote ya karibuni, ya mfumo wake wala ya dawa ya virusi. Kufikia jioni mafolda yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Na ndani ya kompyuta hiyo lilikuwamo daftari la ada za vijana tunaowasomesha ufundi stadi. Nakala ya pembeni haikuwepo.

Mhasibu wetu alilazimika kuanza upya, stakabadhi moja baada ya nyingine. Taarifa ya fedha kwa marafiki ilichelewa, na awamu iliyofuata ya fedha nayo ikachelewa. Kijana mmoja alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akakaa nyumbani mpaka barua yetu ya kuomba muda ilipokubaliwa. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza na mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mtoto wangu amekosa nini?" Hakukosa kitu. Sisi ndio tuliokosa.

Sisemi kwamba masasisho pekee yangetuokoa. Nakala ya pembeni ingetuokoa zaidi. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na milango kadhaa ya kujilinda, na tuliiacha yote wazi kwa azimio la kikao.

Sasisho la kurekebisha kasoro ni nini?

Programu ya kompyuta ni maelekezo yaliyoandikwa na watu, mara nyingi mistari maelfu kwa maelfu. Watu hukosea. Kwa hiyo kila programu ina kasoro, na nyingi hazijulikani mpaka mtumiaji akutane nazo. Mtoto anabofya jibu sahihi, lakini sauti ya kumpongeza haitoki. Au somo linaganda kwenye picha ya tatu. Au, mbaya zaidi, faili la video lililotengenezwa kwa hila linampa mwizi nafasi ya kuingia ndani ya kompyuta.

Kasoro hurekebishwa hivi. Mtumiaji anatoa taarifa: anatumia toleo namba ngapi, kompyuta ya aina gani, alibofya nini, akaona nini. Mtengenezaji anafuata hatua zile zile mpaka naye aione kasoro hiyo kwa macho yake. Anatafuta mstari wenye kosa, anausahihisha, na mwenzake anaukagua. Marekebisho ya namna hiyo yakikusanyika, linatolewa toleo jipya. Katika programu nyingi namba ya mwisho ndiyo inayotangaza jambo hilo. Mkiona programu imetoka 3.0.6 kwenda 3.0.7, kwa kawaida maana yake ni kwamba kazi kubwa iliyofanyika ni kusahihisha kasoro.

Kazi hii haina sherehe. Hakuna utepe wa kukata wala picha ya kupiga. Ndiyo maana ninaifananisha na palizi. Hakuna mkulima wa Maswa anayepeleka magugu mnadani, lakini asiyepalilia pamba yake anajua atakachovuna.

Sasa naweza kumjibu mzee wangu. Shikamoo mzee, najua upo hapa leo. Lililotokea Januari 2021 halikuwa sasisho la kurekebisha kasoro. Lilikuwa ni mwenye duka kufunga duka lake, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Na zile kompyuta mbili tulizodhani zinaishi zilikuwa kama kisima kinachotoa maji ambayo hakuna anayeyapima tena.

Programu huria na matunzo yake

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani yale maelekezo yaliyoandikwa, uko wazi. Leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Waanzilishi wakichoka, wengine wanaweza kuendelea. Ufunguo wa duka hauko mfukoni mwa mtu mmoja.

Baada ya Flash kufungwa, watu wa kujitolea walikuwa tayari wanatengeneza programu huria za kuchezea mafaili yake. Mojawapo inaitwa Ruffle. Inaweza kupachikwa kwenye kivinjari, na inacheza mafaili ya Flash bila kuihitaji Flash Player. Novemba 2020 Internet Archive, maktaba kubwa ya kidijiti ya Marekani, ilianza kuitumia ili michezo na katuni za Flash zisipotee. Mwanzoni Ruffle ilikuwa imara zaidi kwa mafaili ya Flash ya zamani. Kazi ya kuifanya ielewe lugha ya Flash za baadaye imeendelea mwaka hadi mwaka, na matoleo ya majaribio hutolewa karibu kila siku. Kwa hiyo mtu aliyechukua toleo la mwaka 2021 na kuliacha hivyo hivyo amekosa marekebisho yote yaliyofanywa tangu wakati huo.

Hilo ndilo tulilojifunza katika chumba chetu. Kijana wetu wa kujitolea alipakua programu huria ya namna hiyo hapa mjini, akaileta kwenye flashi iliyopimwa virusi. Alijaribu somo moja moja, akaandika kwenye daftari: linacheza, halichezi, linacheza bila sauti. Baadhi yalirudi siku ile ile. Mengine hayakurudi. Baada ya miezi mitatu akaleta toleo jipya, akajaribu tena yale yaliyogoma. Yakarudi mawili. Amekuwa akifanya hivyo kila robo mwaka. Siku somo la ramani lilipofunguka, mwalimu aliniita nikaangalie. Hakuna aliyekuwa ametununulia kitu kipya. Watu tusiowajua walikuwa wamesahihisha kasoro, nasi tukachukua tabu ya kwenda kuyafuata marekebisho yao.

Anayelipa ni nani?

Sasa naomba wafadhili wetu wanisikilize kwa namna ya pekee, kwa kuwa udhaifu huu haupo Maswa tu.

Aprili 2014 dunia ilishtuka kusikia kasoro iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti, na ilikuwa imeingia katika matoleo yaliyokuwa yakitumika tangu mwaka 2012. Makampuni makubwa mno yalikuwa yakiitumia programu hiyo. Hata hivyo, michango waliyopewa watunzaji wake ilikuwa kiasi cha dola 2,000 hivi kwa mwaka. Wote walichota, wachache walitunza. Baada ya mshtuko huo makampuni kadhaa yaliungana kuchangia matunzo yake.

Mfano mwingine mnao kwenye kompyuta zenu: VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo kwaya zetu hutumia kutazama video. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2001. Juni 2019 lilitoka toleo 3.0.7 lililoziba zaidi ya matundu 30 ya usalama. Mengi kati ya hayo yaligunduliwa kwa sababu Tume ya Ulaya ilikuwa imetenga fedha za kuwazawadia watu watakaotafuta kasoro katika programu huria. Mfadhili yule hakununua kitu kipya. Alilipia palizi, na faida ikamfikia hata mwanakwaya wa Malampaka.

Tanzania nasi tuna historia yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa ni fahari kubwa. Lakini programu ya msingi haikusimama. Mwaka 2010 kundi la watengenezaji wa OpenOffice lilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na menyu na maneno yakaendelea kubadilika. Tafsiri ya mwaka 2004, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kulifaa toleo la leo bila watu wa kuongeza maneno mapya kila mara. Kutafsiri mara moja ni kupanda. Palizi inabaki.

Aidha, wengi mnakumbuka majaribio ya Global Learning XPRIZE mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na akina mama waliochaguliwa vijijini walisimamia kazi hiyo. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School, na misimbo ya programu zilizofika fainali iliwekwa wazi kwa wote. Hii ni hazina iliyo wazi hata kwetu. Lakini tukiichukua bila kupanga nani atafuatilia marekebisho yake, tutarudi kwenye Januari ile.

Tunachoomba

Ndugu zangu, mradi wa kisima tunaujua vizuri. Mfadhili akichimba kisima, kamati ya maji hukusanya fedha kidogo kidogo, kwa sababu mpira wa pampu utachakaa. Hatumwambii mfadhili kwamba pampu yake ni mbovu. Tunajua kwamba kitu kinachotumika huchakaa. Programu haichakai kama mpira, lakini kompyuta, mafaili na wezi wanaoizunguka hubadilika, nayo isipofuatana nao inabaki nyuma. Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, kila usharika wenye kompyuta uwe na fungu la matunzo ya programu. Litagharamia bando la kupakulia masasisho, nauli, na siku moja ya kazi ya mtaalamu kila robo mwaka. Kiasi kipo kwenye jedwali mlilo nalo mkononi. Ni pungufu ya bei ya kompyuta moja iliyotumika.

Pili, kuwe na daftari la kompyuta. Liandikwe jina la programu, namba ya toleo, tarehe ya kusasisha, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Kabla ya kusasisha, nakala za kumbukumbu zihifadhiwe pembeni. Sasisho lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja kwa wiki nzima, kisha zifuate nyingine. Nalo lichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe. Matangazo yanayoruka kwenye kioo yakisema "sasisha sasa" yasibofywe hovyo, kwa maana wezi wengi walieneza virusi kwa kujifanya wanatoa sasisho la Flash.

Tatu, tusiwe watu wa kupokea tu. Anayekutana na kasoro aiandike, hata kwa Kiswahili, nasi ofisini tutaituma kwa wahusika. Kijana anayeandika "nilibofya hapa, ikatokea hivi" amekwisha kuchangia programu inayotumiwa na watu wa nchi nyingi. Huo nao ni mchango, na hauhitaji fedha.

Nne, kwa marafiki wetu wafadhili: mnapotupa kompyuta, tunaomba sehemu ya zawadi iwe ni ya kuitunza kwa miaka mitatu. Tunajua kwamba fungu hili halina picha ya kuweka kwenye taarifa zenu. Hamtaona chumba kipya. Mtaona chumba kile kile, Jumamosi ile ile, kikiendelea kujaa watoto. Na mtakapotutengenezea masomo, tunaomba yawe katika muundo ulio wazi, ili siku mwenye duka akifunga, masomo yasifungwe pamoja naye.

Lile azimio la kuzima masasisho bado halijafutwa rasmi katika kumbukumbu za kamati. Mambo tunayofanya sasa tunayafanya kinyume na muhtasari wetu wenyewe, jambo ambalo si utaratibu mzuri. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kujadili jedwali la fedha, naomba kutoa hoja kwamba azimio lile lifutwe. Na kama mzee wangu aliyeuliza swali lile ameridhika na jibu langu, ningefurahi sana kama yeye ndiye angeiunga mkono hoja hii. Kama hajaridhika, basi aulize tena, maana swali lake la kwanza limetufundisha zaidi ya semina.